Mkorosho na Hazina ya Taifa



Wako watu wanaodhani kwamba uchumi wa nchi ni kazi ya mabenki na maofisi ya mjini. Sivyo. Nchi hununua mafuta, dawa na mashine kwa fedha za kigeni, na fedha hizo nyingine hutoka shambani. Kwa watu wa Mtwara, Lindi na Tunduru, mkorosho ndio mlango wa fedha hizo. Yafaa tujue jinsi mlango huo ulivyofungwa, jinsi ulivyofunguliwa, na kazi gani itauzuia usifungwe tena.

JINSI MAVUNO YALIVYOPOTEA

Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000 hivi. Msimu wa 1986/87 zilipatikana tani 16,500 hivi tu. Yaani katika kila magunia tisa, manane yalipotea.

Sababu kubwa zilikuwa tatu. Kwanza, watu walipohamia katika vijiji vipya miaka ya 1970, wengi waliiacha mikorosho yao mbali. Mashamba yakawa pori, na korosho zilizoanguka hazikuonekana. Pili, bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo, hata hakuona faida ya kupalilia. Tatu, uliingia ugonjwa wa ubwiriunga. Ukungu huu hufunika majani machanga na maua kwa unga mweupe kama majivu, na maua yaliyoshikwa hukauka bila kuzaa.

JINSI YALIVYORUDI

Wataalamu wa Kituo cha Utafiti cha Naliendele, karibu na Mtwara, waliwafundisha wakulima kupuliza unga wa salfa, wakatoa na miche bora. Mwaka 2007 ulianza mpango wa stakabadhi ghalani, ambao korosho hupimwa, huwekwa ghalani, kisha huuzwa kwa mnada. Msimu wa 2017/18 zilivunwa zaidi ya tani 310,000. Lakini msimu uliofuata mavuno yalishuka tena. Kwa hiyo tusilale.

Kumbuka ya kwamba bei peke yake haizai korosho. Bei nzuri humpa mkulima moyo, lakini mti huzaa kwa kutunzwa.

KAZI ZA MWAKA

1. Nafasi. Panda mita 12 kwa mita 12. Eka moja itachukua miti 28 hivi. Miti iliyosongamana hunyimana jua, na ubwiriunga hupenda kivuli.

2. Kupogolea. Mara baada ya mavuno ondoa matawi makavu, yaliyougua na yanayogusa ardhi, ili jua na hewa vipite.

3. Palizi. Safisha chini ya mti kabla korosho hazijaanza kuanguka. Palizi pia huzuia moto wa pori, ambao huweza kuteketeza kazi ya miaka mingi kwa siku moja.

4. Salfa. Anza mara uonapo maua machanga yanachomoza. Usingoje mti uwe mweupe. Puliza alfajiri, umande ukiwa bado majanini na upepo umetulia. Funika pua, mdomo na macho. Fuata kipimo atakachokupa Bwana Shamba.

5. Mavuno. Usichume korosho mtini; okota zilizoanguka. Tenganisha korosho na bibo, kisha anika juani siku 2 au 3. Tia katika magunia ya katani, wala si mifuko ya plastiki, kwa maana humo hufanya ukungu.

CHAKULA KWANZA

Mwenye njaa hawezi kungoja mnada. Akiba ikiisha kabla ya mavuno, mkulima huuza korosho zikiwa bado maua kwa walanguzi wa kangomba, kwa bei ya kutupa. Jasho lake likawa faida ya mwingine. Dawa ya jambo hili si sheria tu. Ni ghala lenye chakula. Mikorosho ikiwa bado michanga, panda katikati yake kunde, karanga au mbaazi. Tena tenga shamba la mihogo na mtama.

TUFANYE HESABU

Mwenye eka moja akiongeza kilo 4 kwa kila mti, atapata kilo 112 zaidi. Eka 10,000 zikifanya hivyo, ni tani 1,120. Hakuna shamba jipya lililofyekwa; ni miti ile ile iliyotunzwa. Mkulima hulipa ada ya watoto na kuezeka bati, fundi hupata kazi, muuza duka hupata wateja, na Taifa hupata fedha za kigeni. Na kama korosho hizo zingebanguliwa hapa nchini badala ya kupelekwa ng'ambo na maganda yake, kazi na faida zaidi zingebaki kwetu.

Basi, ndugu, usingoje msimu ufike. Chukua panga na jembe, ukague mti mmoja mmoja. Ukiona jambo usilolielewa, mwite Bwana Shamba mapema, maua yakiwa bado hayajakauka.