Intaneti ya Nyumbani

Mawingu ya Uluguru hayana hodi. Ukiwa Morogoro mjini unaweza kukiona kilele cha Lupanga saa nane mchana, zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na kabla ya saa tisa hakionekani tena. Mvua inapiga mabati ya mtaa wa juu wakati mtaa wa chini watu bado wanaanika nguo. Upande wa mashariki wa milima, unaotazama Bahari ya Hindi, hupokea pepo zenye unyevu na kulowa sana. Upande wa magharibi umekingwa na mlima wenyewe. Maji yanayoanguka huko juu ndiyo yanayolisha mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Kipimo kimoja cha mvua hakiwezi kuisemea nchi ya namna hii.

Ndiyo sababu, katika mradi wetu mdogo, tulipanga vituo vitatu vidogo vya hali ya hewa katika nyumba tatu: moja bondeni, moja katikati ya mji, moja mteremkoni mahali nyumba zinapokwisha na migomba inapoanza. Mpango uliandikwa kwa uangalifu. Urefu wa nguzo ulikuwemo, umbali kutoka kwenye miti na kuta ulikuwemo, na kipimajoto kiliwekwa kati ya mita 1.25 na mita 2 kutoka ardhini, kama linavyoelekeza Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Chini ya kichwa cha mawasiliano kulikuwa na maneno matatu tu: intaneti ya nyumbani.

Imenichukua misimu miwili ya masika kuyaelewa maneno hayo matatu.

Kituo cha aina hii kina sehemu mbili. Nje kuna kichwa chenye vipimo vya mvua, joto, unyevu na upepo. Kichwa hicho hutuma habari zake kwa redio hadi kwenye kisanduku kilicho sebuleni. Kisanduku huzionyesha kwenye skrini, kisha huingia kwenye waifai ya nyumba kama simu yoyote na kuzipeleka kwenye seva kila baada ya dakika tano. Tone lililoanguka kwenye kipimo hupita kwa redio, kwa kisanduku, kwa ruta, na kwa mtandao wa kampuni ya simu kabla halijawa nukta kwenye mchoro. Popote patakapokatika, aliye mbali huona kitu kilekile kimoja: mstari umekoma.

Tulipoanza, kila mstari ulipokoma tulipanda bodaboda kwenda kuzima na kuwasha ruta. Wakati mwingine ilisaidia, na hilo ndilo lilikuwa tatizo, kwa sababu hatukujua kilichokuwa kimeharibika wala kilichokuwa kimetengenezwa. Siku hizi naanza kwa simu, na swali la kwanza ni hili: skrini ya sebuleni inaonyesha joto la nje? Ikionyesha, kichwa cha nje ni kizima na hakuna haja ya mtu kupanda ngazi. Ikionyesha vistari vitupu, tafuta betri, au kabati la chuma lililosogezwa mbele ya kisanduku. Swali la pili ni kama simu ya mwenye nyumba inapata intaneti kwa waifai hiyohiyo. Hapo lazima umwombe kwanza azime data ya laini yake, maana simu huhama yenyewe kimyakimya na mtu akakuapia kwamba waifai inafanya kazi wakati anatumia bando lake mwenyewe.

Ukishindwa bado, kuna jaribio moja ninaloliamini kuliko yote. Zima ruta. Washa hotspot ya simu yako, uipe jina lilelile na neno la siri lilelile la ruta ya nyumba, herufi kwa herufi, kisha subiri dakika kumi. Kisanduku hakijui tofauti, kitaingia. Habari zikifika kwenye seva, kisanduku hakina kosa na unajua uiangalie ruta au kampuni iliyo nyuma yake. Zisipofika, kiangalie kisanduku kwanza.

Nyumba ya bondeni tuliimaliza kwa jaribio hilo. Ruta yao mpya ilikuwa inarusha masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5, yote kwa jina moja. Kisanduku chetu, kama vingi vya bei yake, kinasikia 2.4 peke yake, na kila ruta ilipojaribu kukihamishia kwenye 5 kilipotea. Tuliyapa masafa ya 2.4 jina lake. Kazi ya robo saa, na tangu hapo nyumba hiyo haijatusumbua.

Nyumba ya katikati ya mji ilikuwa na jambo lisilo la kiufundi. Kijana wa nyumba ile alibadilisha neno la siri kwa sababu wapangaji wa nyumba ya pili walikuwa wanamaliza bando. Alikuwa na haki kabisa. Kisanduku hakikuambiwa, kikaendelea kubisha kwa neno la zamani siku tisa. Tulipokirekebisha, baada ya wiki mbili kikanyamaza tena: bando limekwisha, na mwenye nyumba alikuwa anasubiri mwisho wa mwezi. Kituo chenyewe hakili kitu. Kikituma kila dakika tano, ni ujumbe mfupi 288 kwa siku, na wote pamoja ni kidogo mbele ya mechi moja ya mpira inayotazamwa kwenye simu. Lakini bando likiisha huisha kwa wote, kwa aliyekula nyingi na kwa aliyelamba. Mpango wetu ulikuwa umeichukua intaneti ya familia ile kama unavyochukua mwanga wa jua, bila kuuliza inanunuliwa na nani na inakwisha lini. Sasa tunachangia bando la nyumba ile kila mwezi kwa tarehe maalumu, bila kungoja tuombwe. Ni kiasi kidogo kuliko nauli za bodaboda tulizokuwa tunazilipa.

Nyumba ya mteremkoni ndiyo iliyonifundisha zaidi.

Ukihesabu kwa saa, kituo hicho kilikuwa kizuri kuliko vyote. Hakikunyamaza siku tatu wala nne. Kilinyamaza saa mbili, saa tatu, kikarudi. Kwenye taarifa yetu ya kwanza tulikisifu. Kilichotushtua ni daftari la mwalimu mmoja mstaafu, jirani wa mtaa uleule, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akisoma kipimamvua chake cha chupa kila siku saa tatu asubuhi, saa ileile ambayo wasomaji wa mvua nchini wameizoea. Pembeni huandika mvua kubwa ilianza saa ngapi. Tulipolinganisha, kwanza tulidhani ni vitu viwili tofauti, maana yeye aliandika saa kumi jioni na seva yetu, iliyofuata saa za dunia, iliandika 13:00. Hiyo ni saa ileile. Tulipozipanga saa vizuri, jambo lilijitokeza wazi mno: kila penye mvua kubwa kwenye daftari, kwetu palikuwa na kimya. Na jedwali letu, kwa namna lilivyotengenezwa, liliweka sifuri penye kimya.

Nilikwenda kumwona mama mwenye nyumba.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu ukae.”

Nilimuuliza hufanya nini mvua ikija. Alinijibu bila kuficha kitu, kwa sababu hakukuwa na cha kuficha. “Nikisikia ngurumo nachomoa kila kitu ukutani. Televisheni, friji, hilo la intaneti, na hilo lenu. Radi iliwahi kutuunguzia televisheni. Ikipita, nachomeka tena.”

Alikuwa sahihi. Radi ikipiga karibu na nyaya za umeme, msukumo wa umeme unaweza kupita ukutani na kuunguza chochote kilichochomekwa. Mama yule alikuwa anavilinda vyombo vyetu kwa bidii kuliko sisi wenyewe. Na hata siku ambazo hakuwahi kuchomoa, umeme ulikatika wenyewe, kwa sababu upepo unaoleta mvua ndio unaoangusha matawi juu ya nyaya. Ulipowaka, kisanduku kiliamka mara moja, kikaitafuta waifai, kikakuta ruta bado haijamaliza kuamka, kikajaribu mara chache na kukaa kimya mpaka mtu akizime na kukiwasha.

Kikombe cha mvua kilichoko nje kina betri yake na hakikuacha kuhesabu. Kisanduku kiliporudi kilipokea jumla, na mara nyingi jumla ya siku ilikaribiana na ya mwalimu. Kilichopotea ni mwendo wa mvua. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba. Milimita 40 zikigawanyika usiku kucha, mkulima hushukuru. Milimita hizohizo zikianguka kwa saa moja mteremkoni, mfereji hufurika na maji huingia nyumba za chini. Jumla haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo. Vituo vyetu viliwekwa ili vituonyeshe, na ni hapo tu vilipofumba macho.

Nataka hili lieleweke, kwa sababu nimeliona likipuuzwa katika miradi mikubwa kuliko wetu. Taarifa za miradi huhesabu muda wa kufanya kazi: kituo kilikuwa hewani sehemu hii ya mwezi. Hesabu hiyo hudhani kwamba kimya huanguka popote, kama matone. Hapa kimya kinaletwa na kitu kilekile tunachokipima. Kituo kinaweza kuwa hewani karibu mwezi mzima na kisiwe kimeishuhudia hata mvua moja ya maana.

Vifaa hivi vilibuniwa kwa ajili ya nyumba ambayo ruta haizimwi. Uingereza, ambako Idara ya Hali ya Hewa ilifungua mwaka 2011 tovuti ya kupokea vipimo vya watu majumbani, mtu huweka ruta ukutani na kuisahau. Dhana hiyo imo ndani ya kisanduku, katika namna kinavyokata tamaa baada ya kubisha mara chache. Tulinunua kisanduku, na dhana ikaja nacho.

Wapo waliolifikiria mapema. Mradi wa TAHMO, ulioanzishwa na wahandisi wa vyuo vikuu vya Delft, Uholanzi, na Oregon State, Marekani, ulijiwekea ndoto ya vituo 20,000 kusini mwa Sahara, na vituo vyake vingi vimewekwa kwenye shule. Walikwepa umeme wa ukutani tangu mwanzo: kituo kina paneli ya jua na laini yake ya simu, na mvua yake hupimwa bila sehemu yoyote inayocheza. Sina shaka kwamba kwa taasisi, hiyo ndiyo njia. Lakini hata laini ya simu ina mlipaji, na hata shule ina mlinzi anayepaswa kujua kwa nini majani yasifunike nguzo.

Mabadiliko yanayonipa moyo zaidi yako kwenye pesa. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilipitisha masharti ya mtandao wa msingi wa vituo, unaodai vipimo vya ardhini vya kila saa, vituo visiachane zaidi ya kilomita 200. Mfuko uitwao SOFF ukaundwa kuzisaidia nchi maskini kuyatimiza, nao hautazami ununuzi peke yake. Unaendelea kulipa kadiri vipimo vinavyofika. Kwa miaka mingi ufadhili ulinunua nguzo, ukapiga picha siku ya uzinduzi na kuondoka. Kulipia kipimo kinachofika humlazimisha mpangaji kuuliza maswali ya sebuleni: nani anachomoa, nani analipa, nani atapokea simu jioni.

Sisi tulibadilisha kitu kimoja mteremkoni. Tulinunua betri ndogo ya akiba ya ruta, ile inayokaa kati ya chaja na ruta, yenye tundu la volti 12 na tundu la USB, na kisanduku tukakichomeka kwenye lile la USB. Ruta ya pale hutumia laini ya simu, haina waya unaoingia kutoka nje. Kwa hiyo ukichomoa chaja ya betri ukutani, ruta na kisanduku hubaki vimetengana kabisa na nyaya za umeme, na bado vinafanya kazi saa kadhaa. Hatukumwomba mama aache desturi yake. Tulimwomba aifuate vilevile, achomoe hiyo chaja pamoja na televisheni. Nilimwonyesha taa ya kijani ya betri, na yeye akamwonyesha mjukuu wake. Kwenye jedwali tuliondoa sifuri zote zilizotokana na kimya na kuacha nafasi tupu, na kila Jumamosi mmoja wetu hulipitia akiwa na daftari la mwalimu mkononi.

Aprili hii, siku ya pili baada ya Pasaka, Lupanga alipotea saa tisa kasoro. Nilikuwa sokoni. Simu ikaita kabla sijasikia ngurumo yoyote.

“Mwanangu, nimeshachomoa. Huko kwako inaonekana?”

Nilisimama chini ya turubai la muuza nyanya na kufungua mchoro. Nukta ya mwisho ilikuwa ya dakika tatu zilizopita. Nilibaki na simu sikioni, naye akabaki upande wake, nikiisikia mvua inavyopiga mabati yake, mpaka nukta iliyofuata ilipokuja, juu zaidi ya ile ya kwanza.

“Inaonekana, mama.”