Je, Wajua? Mafuta ya breki hunywa maji

Gari zito linaloteremka vilima vya shaba vya Fungurume, mkoani Lualaba, linaweza kupoteza breki bila tone kuvuja. Mafuta aina ya DOT 3 hufyonza unyevu hewani, na mvua za Lualaba hazina uchoyo. Yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205. Yakishanywa maji, joto la breki la nyuzi 140 laweza kutosha. Mvuke hujaa kwenye mabomba, nao hubonyea: mguu unafika chini, gari linaendelea.

Pedali inabonyea ovyo hata gari likiwa baridi? Toa upepo. Inazama polepole ukiikanyaga, na hakuna kinachovuja nje? Shuku raba za masta silinda. Oili ya injini usithubutu kuongeza, huvimbisha raba. (Malori makubwa ya mgodini, yenye breki zinazooga ndani ya oili, yana sheria zake.)