Mwaka wa Sungura Wenye Siku 384

Mwaka wa Sungura uliopita katika kalenda ya Wachina ulianza tarehe 22 Januari 2023 ukaisha tarehe 9 Februari 2024. Ni siku 384. Mwaka wa Simbamarara uliotangulia ulikuwa na siku 355, na wa Joka uliofuata ulikuwa na 354. Siku hizo za ziada zilitokana na kanuni, na anayetaka kumchora sungura huyu ni vizuri aanze na kanuni hiyo, maana sungura wa kalenda ni nafasi katika hesabu kabla hajawa picha.

Watu wa pwani yetu wanazijua hesabu mbili za mwaka. Ya Hijria hufuata mwezi peke yake: miezi 12 ya siku 29 au 30, jumla siku 354 au 355, ndiyo maana Ramadhani husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka hadi ikazunguka misimu yote. Ya Nairuzi, ambayo Makunduchi huikaribisha kwa Mwaka Kogwa kila Julai, hufuata jua: siku 365 zilizopangwa kwa miongo, kumi kumi, na wavuvi na wakulima wameitegemea kujua pepo na mvua. Hesabu hizi mbili huishi pamoja bila kuingiliana. Wachina wao wamezifunga kamba moja. Miezi yao hufuata mwezi wa angani, lakini mwaka hauachwi ukimbie misimu, kwa kuwa mkulima hawezi kupanda mpunga kwa tarehe inayohamahama.

Mwezi wa Kichina huanza siku ile mwezi unapopita kati ya dunia na jua, wakati hauonekani kabisa. Hakuna anayepanda kilimani kutazama mwandamo. Wanafalaki hukokotoa saa yenyewe kwa majira ya Beijing. Kwa upande wa jua, njia yake ya mwaka mzima imegawanywa vituo 24, kila kimoja nyuzi 15. Kumi na viwili kati ya hivyo ni vituo vikuu, na kila mwezi hutarajiwa kuwa na kituo chake kikuu. Ila kutoka kituo kikuu hadi kingine ni wastani wa siku 30 na nusu hivi, ilhali mwezi una siku 29 na nusu. Tofauti hiyo hulimbikizana, na baada ya miaka miwili au mitatu hutokea mwezi unaopita mzima bila kukuta kituo kikuu hata kimoja. Kwa kawaida mwezi huo hupewa namba ya ule uliotangulia, na mwaka unakuwa na miezi 13.

Tazama ilivyokuwa mwaka 2023. Mwezi wa pili ulianza tarehe 20 Februari ukaisha tarehe 21 Machi, na siku hiyo ya mwisho ndipo jua lilipofika kituo kikuu cha Chunfen, pale usiku na mchana vinapolingana. Kituo kikuu kinachofuata, Guyu, kiliangukia tarehe 20 Aprili. Siku hiyohiyo mwezi ulipita tena mbele ya jua, safari hii sawasawa kabisa, hata watu wa pwani ya magharibi ya Australia wakaliona jua limepatwa. Kwa hiyo mwezi wa tatu ulianza siku ya Guyu yenyewe, na kati ya tarehe 22 Machi na 19 Aprili zikabaki siku 29 zisizo na kituo kikuu. Zikawa mwezi wa pili kwa mara ya pili. Sijui mfano ulio wazi kuliko huu: kituo kimoja siku ya mwisho ya mwezi, kingine siku ya kwanza ya mwezi, na pengo zima katikati.

Kwa njia hii huongezwa miezi saba katika kila miaka 19. Miezi 235 ya namna hii na miaka 19 ya jua hupishana kwa takriban saa mbili tu.

Wanyama walikuja juu ya hesabu ya zamani zaidi. Tangu enzi ya Shang, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, Wachina walihesabu siku kwa kuoanisha alama 10 na alama 12, mzunguko wa siku 60. Alama ya nne kati ya zile 12 huitwa mao. Vipande vya mianzi vilivyochimbuliwa Shuihudi, mkoani Hubei, mwaka 1975, katika kaburi la karne ya 3 kabla ya Kristo, tayari vinamweka sungura hapo. Na mao haihesabu miaka tu. Ni muda wa saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja asubuhi. Ni upande wa mashariki. Ni mwezi wa pili, katikati ya majira ya kuchipua, ule wenye Chunfen. Mwezi uliorudiwa mwaka 2023, basi, ulikuwa mwezi wa sungura ndani ya mwaka wa sungura. Nchini Vietnam nafasi hii ni ya paka, na hesabu haiharibiki hata kidogo.

Wengi hukosea kuuanza mwaka wa mnyama tarehe 1 Januari. Mwaka wa Sungura wa 1999 ulianza tarehe 16 Februari. Aliyezaliwa tarehe 10 Februari mwaka huo ni wa Simbamarara.

Sasa kalamu. Shirika la posta la China lilipotoa stempu ya sungura tarehe 5 Januari 2023, watu walilalamika. Msanii Huang Yongyu, aliyechora pia stempu maarufu ya nyani ya mwaka 1980, alikuwa amemchora sungura wa buluu mwenye macho mekundu, mikono kama ya mtu, kashika kalamu na karatasi. Walitaka mnyama mpole mweupe. Mimi namtetea mzee huyo, aliyefariki Juni mwaka huohuo: sungura wake yuko macho, na mnyama wa alfajiri anastahili kuwa macho.

Lakini anayeanza kuchora nampeleka Dunhuang, mkoani Gansu, kwenye pango namba 407 la Mogao, la enzi ya Sui (581–618). Darini wamo sungura watatu wanaokimbizana kwa duara, na kila mmoja anaonekana ana masikio mawili, ingawa yote kwa jumla ni matatu. Chora duara, weka alama tatu zilizoachana sawa, kisha ndani yake chora pembetatu ndogo. Kila upande wa pembetatu ni sikio moja. Kila pembe ni kichwa. Miili ielekee upande mmoja, migongo ikifuata ukingo wa duara. Ukitoa sungura mmoja, wawili waliobaki wanapungukiwa masikio. Umbo hili lipo pia kwenye dirisha la kanisa kuu la Paderborn, Ujerumani, na kwenye dari za makanisa ya Devon, Uingereza.

Ukipenda kumchora yule wa mwezini, anayetwanga dawa ya uzima katika hadithi za Wachina, mfuate mwezi mpevu unapochomoza. Mabaka meusi ya mwili wake ni tambarare za lava iliyoganda, na kwa sisi tulio karibu na ikweta masikio huwa juu wakati huo. Mwezi unapotua alfajiri huwa chini.

Mwaka wa Sungura ujao utaanza tarehe 8 Februari 2035, siku nne baada ya Lichun, kituo kinachofungua majira ya kuchipua, na utaisha tarehe 27 Januari 2036 kabla Lichun nyingine haijafika. Utakuwa na siku 354 bila Lichun hata moja. Ule wa 2023 ulikuwa nazo mbili, na wanaoshika mila huuhesabu mwaka wa namna hiyo kuwa wa heri kwa ndoa.