Je, Wajua? Banda Lako, Mchanga wa Umma

Je, wajua kwamba kuna watu waliolipa zaidi ya dola 300,000 za Australia kununua kibanda cha mbao kisicho na umeme wala bomba la maji, ambamo hawaruhusiwi kulala hata usiku mmoja, na kimesimama juu ya mchanga usio wao? Vibanda hivyo viko ufukwe wa Dendy Street, mtaa wa Brighton, mjini Melbourne. Vimepangwa safu moja, kila kimoja na rangi zake, na watalii hawaishi kuvipiga picha. Mwenye kibanda hulipa ada ya leseni kila mwaka kwa halmashauri ya Bayside, na sharti awe mlipa kodi ya majengo wa halmashauri hiyo hiyo. Tajiri wa Sydney akikitamani, akanunue nyumba Bayside kwanza.

Sasa aliyetoa fedha zote hizo kanunua nini? Mbao, bati, na nafasi ya jina lake kuandikwa kwenye leseni. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaijua biashara hii: ni kilemba. Unampa mpangaji aliyetangulia pesa nene akupishe kwenye fremu, halafu kodi ya pango unaendelea kuilipa kwa mwenye jengo. Huko Brighton mwenye jengo ni umma, nao hauuzi.

Je, wajua kwamba takriban asilimia 96 ya pwani ya jimbo la Victoria, ambalo Melbourne ni mji wake mkuu, ni ardhi ya umma? Kisheria huitwa ardhi ya Taji, kwa kuwa Mfalme wa Uingereza ndiye pia mfalme wa Australia. Lakini mfalme haonekani pale. Msimamizi ni serikali ya jimbo, nayo hukabidhi vipande vingi kwa halmashauri. Rasi ya Mornington peke yake ina mabanda ya mashua na vibanda vya kuogea zaidi ya 1,000, na chini ya Sheria ya Bahari na Pwani ya mwaka 2018, hakuna kujenga wala kuendeleza kitu juu ya ardhi hiyo bila idhini.

Wajua kwa nini mabanda yalistawi huko na si kwetu? Sababu moja ni maji yenyewe. Ghuba ya Port Phillip imeungana na bahari kuu kwa mlango mwembamba, hivyo maji hupanda na kushuka kwa kiasi kisichofika mita moja. Banda laweza kukaa hatua chache tu kutoka majini mwaka mzima. Mombasa na Unguja, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Jenga banda linalotazama bahari pale: alfajiri mashua inaelea mlangoni, adhuhuri unaikokota juu ya mwamba na mwani huku jua likikuchoma kisogo. Wavuvi wetu walilimaliza tatizo hilo zamani bila leseni ya mtu. Hutia nanga mbali, huiacha mashua ikae mchangani maji yakipwa, na huipandisha juu kwa magogo siku ya kutia kalafati.

Je, wajua kwamba hoja ya kibanda cha ufukweni ina karibu miaka 1,500 kwenye vitabu vya sheria? Mwaka 533, Mfalme Justinian wa Constantinople alitoa kitabu cha kufundishia sheria za Kirumi. Humo ufukwe umehesabiwa pamoja na hewa, maji yatiririkayo na bahari yenyewe: vitu vya watu wote. Na nyavu zimetajwa. Mtu yeyote anaruhusiwa kujenga kibanda ufukweni, ajihifadhi humo, na kuanika nyavu zake. Wanasheria wa Kirumi waliongeza jambo ambalo mimi naliona la busara kuliko sheria nyingi za leo: aliyejenga ana haki na mahali pale muda wote jengo limesimama, na likianguka, mahali panarudi kuwa pa wote. Hakuna mtoto wala mjukuu anayerithi mchanga mtupu.

Na hili je? Leseni si pango. Mwaka 1673, katika kesi ya Thomas na Sorrell, jaji wa Kiingereza alieleza kwamba leseni haimpi mtu haki yoyote ndani ya ardhi. Inachofanya ni kukihalalisha kitendo ambacho bila hiyo kingekuwa kosa. Uwekezaji wote wa banda la ufukweni, milango ya mninga ukitaka, umesimama juu ya sentensi hiyo. Ndiyo maana maofisa wa ardhi hulichagua neno leseni kwa uangalifu, lakini neno peke yake halitoshi. Mwaka 1985, katika kesi ya Street na Mountford, Baraza la Mabwana la Uingereza liliamua kwamba mkataba ukimpa mtu nyumba aikalie peke yake kwa muda maalumu na kwa kodi, huo ni upangaji, hata kama karatasi imeandikwa leseni kwa herufi kubwa.

Je, wajua kwamba katika jimbo la New South Wales leseni ya banda au gati la nyumbani haihami moja kwa moja nyumba inapouzwa? Mnunuzi anatakiwa aombe yake. Anayenunua nyumba ya Sydney kwa sababu ya banda la mashua lililoko chini ya bustani, na asiulize karatasi, anaweza kujikuta amenunua bustani.

Twende New Zealand, maana huko jambo hili liliwahi kutikisa serikali. Je, wajua kwamba ufukwe wa nchi ile, kati ya maji kujaa na maji kupwa, kwa sehemu kubwa hauna mwenyewe kisheria? Hata serikali si mwenyewe. Kisa kilianzia kwenye vibali. Makabila ya Wamaori wa Marlborough Sounds, kaskazini mwa kisiwa cha kusini, yalikuwa yakiomba nafasi ya kufuga kome baharini na kunyimwa, huku wengine wakipewa. Walipochoka waliuliza swali la msingi zaidi: kwani huu ufukwe ni wa nani? Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba Mahakama ya Ardhi ya Wamaori ina mamlaka ya kulisikiliza swali hilo. Serikali ilishtuka. Mwaka 2004 Bunge likapitisha sheria ya kuukabidhi ufukwe na sakafu ya bahari kwa Taji, ingawa Mei mwaka huo maelfu ya watu walikuwa wameandamana hadi bungeni Wellington. Waziri Tariana Turia alijiuzulu, na chama kipya, Chama cha Wamaori, kikazaliwa. Mwaka 2011 sheria ile ilifutwa. Iliyoshika nafasi yake, inayobeba jina la Takutai Moana, inasema kwamba eneo hilo la pamoja halimilikiwi na Taji wala na mtu mwingine, na ikafungua njia kwa Wamaori kudai haki zao za kimila humo.

Banda la mashua lililosimama katika eneo hilo linahesabiwaje? Sheria hiyo hiyo ya 2011 inasema jengo la namna hiyo lichukuliwe kuwa mali inayohamishika, wala si ardhi wala sehemu ya ardhi. Mbele ya sheria, banda lenye nguzo zilizozama matopeni liko kundi moja na kabati la nguo. Na ukilitelekeza? Linahesabiwa kuwa la Taji. Hapo serikali haikujipendelea, ilijipa mzigo. Mabanda yaliyooza ni gharama kuyang'oa, na mtu lazima awajibike.

Kibali cha kuweka banda hapo hutolewa na halmashauri ya mkoa chini ya sheria ya usimamizi wa rasilimali ya 1991, ambayo inaweka ukomo wa miaka 35. Halmashauri pia inaruhusiwa kutoza watu kwa kukalia eneo la wote. Mpaka wa eneo hilo upande wa nchi kavu ni mstari wa wastani wa maji ya bamvua yakijaa. Basi hebu fikiria banda ambalo ukuta wa nyuma uko nchi kavu na milango ya mbele iko chini ya mstari huo. Mwenyewe ana ofisi mbili za kushughulika nazo: ya mkoa kwa upande wa maji, ya mji kwa upande wa barabara. Sidhani kama wahenga wetu walikuwa na methali ya mtu mwenye banda moja na wenyeji wawili, ila wangeitunga.

Wajua pia kwamba raia wengi wa New Zealand huamini kuna ukanda wa umma, mnyororo mmoja wa wapima ardhi kwa upana, yaani mita 20 na kidogo, unaozunguka pwani yote tangu zama za Malkia Victoria? Upo kweli, lakini kwa vipande. Sehemu nyingi haujawahi kutengwa.

Je, wajua kwamba Wafaransa walichora mpaka wa ufukwe wao kwa mwezi? Amri ya majini ya mwaka 1681, enzi za Louis wa 14 na waziri wake Colbert, ilisema ufukwe ni sehemu yote inayofunikwa na kufunuliwa na bahari mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hadi lifikapo bamvua kubwa la Machi. Mwaka 1973 Baraza la Dola, mahakama yao ya juu ya masuala ya serikali, lilirekebisha: pimeni kwa maji yanapofika juu kabisa, mwezi wowote, ilimradi si kwa dhoruba isiyo ya kawaida. Ndani ya mpaka huo hakuna kuuziana ardhi. Vibanda vya wafugaji wa chaza kwenye ghuba ya Arcachon, ambavyo mtu wa mjini angetoa chochote avigeuze nyumba ya mapumziko, vimekaa kwa kibali cha muda ambacho serikali yaweza kukitengua.

Visiwa vya Shetland na Orkney, kaskazini mwa Uskoti, ni kioja. Mfalme wa Denmark na Norway aliviweka rehani mwaka 1468 na 1469 kwa ajili ya mali ya kumwozesha binti yake kwa mfalme wa Uskoti (huko baba wa bibi harusi ndiye aliyetakiwa kutoa). Deni halikulipwa, visiwa vikabaki, na sheria ya ardhi ya Kinorwe ikabaki navyo. Kwa hiyo mwenye shamba la pwani anaweza kumiliki hadi maji yanapopwa kabisa, wakati kwingineko Uingereza ufukwe huhesabiwa wa Taji mpaka mtu athibitishe vinginevyo.

Je, wajua kwamba serikali inaweza kukatazwa kuuza? Mwaka 1869 Bunge la Illinois liliipa kampuni moja ya reli zaidi ya ekari 1,000 za sakafu ya ziwa Michigan mbele ya mji wa Chicago. Miaka minne baadaye likajuta na kuufuta ugawaji huo. Kampuni ilikwenda mahakamani, na mwaka 1892 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba jimbo linashika maji yale kwa amana ya watu wake, na amana haigawiwi namna ile.

Hata kivuli kina sheria. Katika jimbo la Washington, magati ya nyumbani hutakiwa yawe na sakafu ya wavu inayopitisha mwanga, kwa sababu majani ya baharini hufa gizani na samoni wadogo huogopa kivuli. Paa la banda juu ya maji ni giza la kudumu.

Mchanga nao huondoka. Ufukwe wa kaskazini wa Mount Martha, hapo hapo Port Phillip, umeliwa na mawimbi kiasi cha vibanda kubomoka. Serikali ya Victoria imeagiza mipango ya pwani ihesabu bahari kupanda kwa mita 0.8 au zaidi ifikapo mwaka 2100.

Na kwetu? Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 62, inaitaja wazi ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Serikali ya taifa inaishika kwa amana ya Wakenya, Tume ya Taifa ya Ardhi inaisimamia, na haitolewi ila kwa sheria ya Bunge. Tanzania Bara, Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa la asili au mto. Ziwa Victoria limo, na mialo yake yote. Kwa maoni yangu sheria hizi ni kali kuliko za Melbourne. Kinachopungua ni ile safu ya vibanda vyenye namba, ambapo kila mtu anajua nani ana leseni na analipa kwa nani. Ukikuta ukuta, gati au banda limeshuka hadi maji yanapopwa, nenda ofisi ya ardhi au ya mazingira iliyo karibu nawe uulize kibali ni cha nani na kinaisha lini. Una haki ya kujibiwa.