JEKI YA RUTA: KUOKOA MBAO NA VIDOLE

Seremala wengi wa Nakuru hutengeneza milango na kabati kwa mbao za msaiprasi zitokazo pande za Molo na Elburgon. Mwaka 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yake, walikumbushwa kwamba ubao si kitu cha kuharibiwa ovyo.

Wengine hufunga mashine ya ruta kichwa chini, chini ya meza, jino lake likichomoza juu. Taabu huanza jino linapotakiwa kupanda kidogo: fundi huinama, hulegeza kifungo na kusukuma kwa mkono, mashine huruka milimita tatu badala ya moja, na ubao huharibika. Dawa yake ni jeki, ambayo fundi aweza kujitengenezea.

Kwanza, chomoa waya wa umeme. Tengeneza sanduku la plaiwudi ya milimita 18, liishike ruta imara. Liwekwe baina ya nguzo mbili zenye mifuo, zilizofungwa chini ya meza, ili lipande na kushuka bila kuyumba. Kisha twaa chuma chenye hesi mwili mzima, cha kipimo cha M10. Kipitishe katika nati iliyokazwa sandukuni, hadi ubao wa chini usiosogea. Hapo kizuiwe kwa nati na washa, juu na chini ya ubao, kisipande wala kushuka, bali kizunguke tu. Ncha ya chini itiwe mpini.

Hesi ya kawaida ya M10 huenda milimita 1.5 kwa mzunguko mmoja. Basi nusu mzunguko ni milimita 0.75, na mizunguko minne ni milimita 6. Jeki ya gari ya mkasi nayo huinua, lakini mizunguko yake haipandishi kiasi kilicho sawa, wala haihesabiki.

Ukipita kipimo, shusha zaidi, kisha upandishe tena, kwani nati huwa na ulegevu. Halafu kaza sanduku kwa bolti ya ubavuni, lisisogezwe na mtetemo.

Jino hilo huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Vaa miwani, sukuma ubao kutoka kulia kwenda kushoto mbele ya kiongozi cha meza, wala usibadilishe jino kabla ya kuchomoa waya. Ubao hununuliwa tena; kidole hakinunuliwi.