Kibodi Inayokubali Kufunguliwa

Je, wajua kwamba kibodi nyingi za bei nafuu hazina swichi ya kila kitufe? Ndani yake zimetandazwa karatasi tatu za plastiki, mbili zikiwa zimechorwa njia za umeme, na juu yake vimepangwa vikombe vya mpira vilivyopinduliwa. Kikombe kikibonyea, njia hugusana na herufi hutokea. Ni ubunifu mzuri wa kupunguza gharama, lakini chai ikipenya na kula njia moja tu, kundi zima la herufi laweza kufa, na ni vigumu kumpata fundi wa kuhangaika nayo. Vitufe mia visivyo na kosa vinaenda jalalani kwa sababu ya mstari mwembamba kama unywele. Kwa hiyo siwaelewi wanaosema kujiundia kibodi ya swichi ni anasa ya wapenda kelele na taa za rangi. Hoja yake kubwa ni kwamba kitufe kimoja kikifa, unabadilisha hicho kimoja.

Swichi iliyoweka kipimo ni MX ya kampuni ya Cherry, iliyoingia sokoni miaka ya 1980. Ukiifungua utakuta springi, shina ambalo kichwa chake kina umbo la msalaba, na vibamba viwili vya metali. Mtu hudhani kidole ndicho kinachovisukuma vigusane. Katika aina yake nyekundu ni kinyume: miguu ya shina ndiyo inayovitenganisha muda wote. Shina likishuka, miguu inapisha, na kibamba chembamba kinaruka chenyewe kumgusa mwenzake. Hilo hutokea milimita 2 tu chini, ilhali safari nzima ni milimita 4, kwa hiyo anayechapa kwa utulivu hana haja ya kugonga mpaka mwisho. Ya kahawia ina kinundu mguuni ili kidole kihisi pale herufi inapopita. Ya buluu imeongezewa kipande cha plastiki kinachoruka na kulia. Kelele, basi, ni jambo la kuchagua.

Anayeanza asikimbilie kulehemu. Atafute bodi yenye soketi, ambamo swichi huchomekwa kwa vidole na kuchomolewa kwa kibano. Achunguze pini mbili za swichi kabla ya kukandamiza, maana hupinda kirahisi na kulala chini ya swichi bila kuonekana. Kisha ashughulikie waya unaosawazisha kitufe kirefu cha nafasi: tone la grisi kwenye ncha zake huondoa mtikisiko kuliko swichi yoyote ya bei kubwa. Watasema ni ghali, na kwa anayeagiza vipuri kutoka China nauli inauma kweli. Lakini tangu hataza ya MX ilipoisha muda, viwanda kama Gateron na Kailh vimeshusha bei ya swichi. Pingamizi ninalolikubali ni jingine: wapo wapenzi wa fani hii wenye mikono miwili na kibodi kumi. Huo ni uharibifu uleule uliorembwa. Unda moja, itunze.

Na kwetu ipo faida ambayo haitajwi. Mpangilio wa QWERTY, uliotoka kwenye mashine za chapa za karne ya 19, haukumfikiria mwandishi wa Kiswahili. Umempa Q na X, herufi ambazo alfabeti yetu haina. A, tunayoitumia kuliko zote, umekitwika kidole kidogo cha kushoto. Ng' ya ng'ombe na ng'ambo inadai vitufe vitatu, cha mwisho kikiwa pembeni kabisa. Bodi inayotumia QMK, programu huria ya kuendesha kibodi, hukuruhusu kuamuru kitufe cha Q kitoe ng' kwa pigo moja, na Q yenyewe uihamishie nyuma ya kitufe kingine kwa siku za nywila. Amri hiyo hukaa ndani ya kibodi, ukiichomeka kwenye kompyuta nyingine inakwenda nayo. Mfasiri itamfaa, vilevile mhariri, karani wa mahakama, mwandika tasnifu, mtunga programu, na mwenye vidole vinavyouma.