Mbwa wa Jirani na Hari ya Mombasa

Mimi na mbwa, wasomaji wapenzi, hatukuwa na mazoea. Nimelelewa chuoni, na maalimu wangu alinifunza kuwa mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Hilo silipingi hadi leo.

Mwezi wa Machi, kaskazi ilipokuwa imekufa na kusi haijaingia, jirani yangu hapa Tudor, mwalimu mstaafu kutoka bara, alikwenda mazikoni kwao akaniachia ufunguo. "Mzee, ombi langu ni maji tu," aliniambia. "Mbwa wangu asikae na kiu." Mbwa mwenyewe ni wa aina iitwayo pagi, asili yake Uchina: mfupi, macho ya kutumbua, na uso uliobonyea kana kwamba aligonga mlango.

Siku ya pili, nilipotoka kuswali adhuhuri, nilisikia mkoromo uani. Nilimkuta amelala juu ya saruji ndani ya kibanda cha mabati, ulimi umegeuka zambarau, udenda mzito ukimtiririka. Bakuli la maji lilikuwa pomoni mbele yake. Maji anayo, mbona anakufa?

Nilimpigia simu daktari wa mifugo, naye, baada ya kuniambia la kufanya upesi, alinieleza sababu. Sisi hutoka jasho mwili mzima. Mbwa hutoka kidogo tu nyayoni. Njia yake kubwa ya kupoa ni kutweta: hewa hupita juu ya ulimi na ndani ya pua, majimaji ya mle hukauka na kuondoka na joto. Lakini hewa yetu ya miezi ile imeshiba maji tayari. Nguo ukiianika kivulini hushinda mbichi. Ute wa mbwa nao ni vivyo hivyo. Kwa mbwa wa pua ndefu hiyo ni taabu. Kwa pagi na buldogi ni msiba, kwa kuwa watu, kwa kupenda sura, wamewazalisha kizazi baada ya kizazi hadi pua ikafupika, matundu yakabanana, na nyama laini ya kaakaa ikawa ndefu ya kuziba koo. Kutweta kwenyewe kunakuwa kazi ya punda, na kazi huongeza joto. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39. Likipita 41, viungo vya ndani huanza kuharibika. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2020 ulikuta kuwa buldogi wana hatari ya kudhurika na joto mara 14 kuliko Labrador. Na hiyo ni Uingereza!

Mpwa wangu wa miaka 10 alisimama kizingitini. "Mjomba, ukimshika utaswali vipi alasiri?"

Nikamwambia maji yapo na udongo upo, alete ndoo. Nilimbeba mbwa hadi chini ya mwembe, tukammiminia maji ya mfereji tumboni na mapajani, nami nikimpepea kwa kipepeo cha ukindu. Daktari alinikataza kumfunika kitambaa kibichi, maana huzuia joto lisitoke, na kumlazimisha kunywa, asije akapaliwa. Ulimi uliporudia wekundu wake tulimpeleka kwake vilevile, kwani figo huweza kuharibika baadaye ilhali mnyama ameshasimama.

Njiani nilimsimulia mpwa wangu hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mtu aliyetoka kisimani akamkuta mbwa akitweta na kulamba udongo kwa kiu, akateremka tena akamjazia kiatu maji, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. "Naye alinawa mara 7?" akauliza. Mtoto huyu atakuwa kadhi.

Jirani aliporudi alitaka kunizawadia. Nikamwonyesha mabati. Ameyaezua, ameezeka makuti, na mchana mbwa hulala ndani mbele ya panka. Hutembezwa baada ya alfajiri na baada ya isha, lami ikiwa imepoa, kwa mkanda wa kifuani usiomkaba koo. Wala hapandishwi tena garini kwenda Likoni mchana, kwenye ule msururu wa magari yangojayo feri. Limebaki moja: unene huzidisha dhiki ya kupumua, naye jirani kila asubuhi humpa mahamri. Hilo tungali tunabishana.